Nilikamata Wimbo Ninaoupenda



Kwa kawaida kapita anaandikaka katika ukurasa huu juu ya uchafu wa nyuma ya jikoni, juu ya wale wanaochelewa ku sala ya asubui, ao juu ya ndoo zenye kupotea. Mimi pia niliandika mambo hayo muhula uliopita, na ninazani hakuna aliyesoma mpaka mwisho. Mara hii ninajiandika mimi mwenyewe ndani ya kaye.

Mambo yalikuwa hivi. Majuma matatu yaliyopita, kisha taa za internati kuzimwa, nilipita kati ya vitanda na nikasikia gitaa. Sauti ilikuwa ndogo kama ya mbu, lakini gitaa ya Kinshasa ninaijua hata ikitoka chini ya blanketi mbili. Na ilitoka chini ya blanketi mbili. Mutoto wa mwaka wa munane alikuwa ameficha telefone ndogo ku sikio. Niliikamata, nikaandika jina lake, na kesho yake direkta wa nidhamu akamupa siku mbili za kukata majani upande wa kiwanja cha mupira. Sheria ya internati iko wazi: hakuna muziki ya dunia. Nilifanya kazi yangu na nikalala vizuri.

Siku ya ine nilikuwa ninatoka kuteka maji. Ule mutoto alikuwa mu majani na kupekupe yake. Mimi nilikuwa ninaimba polepole, bila kujua kama ninaimba, na munakwisha kujua ni wimbo gani. Nilipofika pale mwimbaji anaita jina la tajiri mumoja, nililiruka, sababu ndoo ilikuwa nzito na pumzi ilikuwa imenikatika. Kumbe mutoto amesimama, ameegemea kupekupe, ananisikiliza. Akaliita lile jina yeye mwenyewe, mahali pake hasa, kisha akainama akaendelea kukata. Hakucheka. Angecheka ingekuwa afazali.

Niliweka ndoo chini, na tukakata pamoja ile sehemu iliyobakia. Si juu ya utakatifu, ni juu ya haya.

Basi niseme waziwazi: ninaupenda ule wimbo, na ninajua kwamba ni wimbo mubaya. Jina lake sitalitaja, wote munaujua.

Kwanza umetungwa vibaya. Kuko dakika mbili za mapenzi, kwa maneno ambayo nyimbo zingine mia zimekwisha kusema, kisha seben inaingia na hakuna tena wimbo, kuko majina tu. Ndiyo yale yanayoitwa mabanga. Kwa Kilingala kutupa libanga ni kutupa jiwe: mwimbaji anatupa jina la mufanya biashara, la mukubwa wa jeshi, la ndugu aliye Ulaya, na mwenye jina anatoa feza. Wanamuziki walitaja majina ya watu tangu zamani, lakini kuanzia miaka ya 1990, wakati wa ndombolo, jambo hilo lilikuwa biashara kabisa, na leo kuko nyimbo ambamo majina yanapita maneno. Ule mutoto wa mwaka wa munane anayajua yote kwa mufuatano. Mumuulize watoto 12 wa Yakobo, anafika kwa Naftali anasimama.

Lakini kama ingekuwa hilo tu, ningenyamaza. Mashairi mabaya hayaue mutu. Hata mimi niliyaandika katika bulletin hii nilipokuwa mudogo, na mulinisamehe. Jambo zito ni maneno yenyewe. Sisi watu wa Likasi tunasema Kiswahili. Kilingala tunacho kile cha redio na cha barabara, tunakiimba kama kasuku. Musichana mumoja wa darasa letu alinihazitia habari hii, na amenipa ruhusa niiandike. Alikuwa anacheza ku ndoa ya mutoto wa baba yake mudogo, pale Kikula, na wakapiga wimbo ule ule. Yaya mumoja aliyekomalia Kinshasa akamwinamia sikio akaanza kumufasiria: hapa anasema bei ya mwanamuke, hapa anasema mwanamuke wa namna ile unamubadilisha kama kiatu.

Nilimuuliza: "Sasa ukafanya nini?"

"Nilicheza mpaka mwisho. Miguu haikusikia ile tafsiri."

Kisha akaniangalia na akasema: "Lakini ninyi vijana munachezaka juu ya matusi yetu, na haiwasumbuaka hata kidogo."

Nilitaka kujibu kwamba haikunisumbua sababu sikujua. Lakini sasa ninajua, na bado nimeimba nikibeba maji. Kwa hiyo jibu langu halina miguu.

Juu ya nini basi ninaupenda? Nilijiuliza sana, na nikapata jibu lisilohusu muziki. Nilipokuwa na miaka 7, mama yangu aligonjwa kwa muda mrefu. Jirani yetu alikuwa na bar, na wimbo ule ulipigwa kila usiku mpaka watu walale. Wengine katika parcelle walinung'unika. Mama hakunung'unika. Alikuwa analala na macho yamefungwa, na vidole vyake vilikuwa vinapiga pole ku matela, vikifuata gitaa. Mimi nilikuwa ninaangalia vile vidole. Vikisimama, niliogopa, vikianza tena, nilipata usingizi. Mama alipona, leo anauzisha bunga ku soko na anaimba kwaya. Lakini gitaa ile ikianza tu, mimi niko chini, kando ya matela, na ninahesabu vidole. Hakuna sheria ya internati itakayonitoa pale.

Ninajua wakubwa watasema: "Ninyi watoto wa telefone, sisi tuliimba nyimbo za maana." Kwa heshima yote, ninaomba nihazite kidogo juu ya kambo yangu. Yeye alisoma sekondari wakati inchi yetu iliitwa Zaïre, jina lililodumu tangu 1971 mpaka 1997. Wakati ule wanafunzi walipanga mistari uwanjani na wakaimba na kucheza kwa kumusifu Mobutu na chama chake, MPR, kilichoanzishwa mwaka wa 1967. Waliita kazi hiyo animation. Hakukuwa kuchagua. Leo kambo ana miaka zaidi ya 60, na akitwanga sombe anaziimba zile nyimbo, moja kisha nyingine, na kiuno kinakumbuka. Siku moja nilimuuliza:

"Kambo, ule mutu alituachia nini?"

"Njala."

"Na bado unamwimbia?"

"Hapana yeye njo ninaimba. Ninaimba miaka yangu kumi na tano."

Hata Franco mwenyewe, ambaye wazazi wetu wanamuita mwalimu, hebu tumuangalie. Mwaka wa 1978 alifungwa gerezani juu ya nyimbo zenye matusi ya aibu. Mwaka wa 1984, wakati wa uchaguzi ambamo kulikuwa mutu mumoja tu wa kuchaguliwa, alitoa wimbo wa kusifu ule mutu mumoja. Mwaka uliofuata akatoa "Mario", juu ya kijana anayekula feza za mwanamuke anayemuzidi umri, na kila mama wa inchi hii alimujua Mario wake ndani ya kartie. Mwaka wa 1987 akaimba kuonya watu juu ya SIDA. Mutu ni yule yule, na gitaa ni tamu pote. Hapo ndipo shida yangu iko. Kama gitaa ya wimbo wa uongo ingekuwa chungu, tungejua mara moja, na hakungekuwa lazima ya kapita kupita kati ya vitanda usiku.

Na kuko mufano wa karibu zaidi, wa muji wetu wenyewe. Mwaka wa 1952 Likasi ilikuwa bado inaitwa Jadotville. Muingereza mumoja aliyekaa Afrika ya Kusini, Hugh Tracey, alikuwa anapita katika inchi nyingi akikamata muziki ku mashine. Hapa ndipo alimukuta kijana wa Bunkeya mwenye miaka kama 22, Mwenda Jean Bosco, na akamukamata sauti na gitaa. "Masanga" ilitoka ku kazi ile. Tangu wakati huo wapigaji wa gitaa wa Ulaya na Marekani wanajifunza vidole vya Mwenda, wanaviandika ku karatasi kama somo la hesabu. Alikufa mwaka wa 1990. Lakini baba ya kambo yangu, aliyekuwa shemasi, alikataza gitaa kuingia ndani ya nyumba yake. Alisema gitaa ni kitu cha bar, na mutoto anayeshika gitaa atashika chupa. Kambo alisikiliza Mwenda nyuma ya jikoni ya jirani, kama vile ule mutoto wangu chini ya blanketi mbili.

Sisemi kwamba kila wimbo unaokatazwa leo utakuwa hazina kesho. Wimbo wangu wa majina hautakuwa hazina, tusidanganyane; wale matajiri wakikufa hakuna atakayejua ni nani. Ninasema tu kwamba neno "muziki ya dunia" katika sheria yetu ni gunia moja ambamo tumetia kila kitu: Mwenda ndani, Franco ndani, wimbo wa kutukana wanawake ndani, na hata wimbo wa kuaga wafu wa kambo zetu ukiwa na gitaa utaingia ndani. Kapita anakamata gunia, hachagui kilichomo. Na mutoto anayeazibiwa anajifunza kitu kimoja tu: kupunguza sauti.

Kisha kuko upande mwingine wa gunia, na hapa ninajua nitapata barua. Nyimbo ambazo haziitwe za dunia, zote ni nzuri? Tumekwisha kusikia kwaya (si yetu, ninaharakisha kusema) inayobonyeza kinanda, ngoma inajipiga yenyewe, na maneno matatu yanarudi mpaka watu wanaketi moja moja. Tumesikia pia kwaya inayoita jina la mufazili katikati ya wimbo, na mufazili anasimama anaweka noti ku paji la mwimbaji. Kama lile si libanga, munifasirie ni nini. Lakini hakuna aliyeandikwa ndani ya kaye juu yake, sababu jina la Yesu lilitajwa mbele ya jina la mufazili.

Sasa ninaomba nini? Siombi taa zikizimwa watu wasikilize muziki. Usiku ni wa kulala, na sisi wa darasa la mwisho tuko na Examen d'État mbele yetu. Ile telefone ilistahili kukamatwa, na kama ningesikia gitaa leo usiku ningekamata tena. Ninaomba saa moja siku ya posho, kisha kazi ya mikono, ndani ya refektware, mwalimu akiwapo. Mwanafunzi analeta wimbo mumoja anaoupenda, wowote. Tunausikiliza wote, wavulana na wasichana. Kisha yeye mwenyewe anasimama mbele yetu anasema maneno yake yote kwa Kiswahili, mustari kwa mustari, bila kuruka. Asiyejua Kilingala atafute mutu wa kumufasiria mbele ya siku hiyo.

Nilijaribu kazi hiyo na wimbo wangu. Nilikaa na yule dada wa darasa letu na yaya yake, nikaandika maneno ku karatasi kwa Kiswahili chetu cha kila siku. Mustari wa kwanza ulipita. Wa pili ulipita. Ku mustari wa tano nilisikia masikio yangu yanawaka, na ku mustari wa nane nilimurudishia yaya kalamu. Sitaweza kusimama mbele ya darasa la wasichana na kuyasema. Hiyo ilinifundisha kuliko kupekupe ingenifundisha kwa mwaka muzima. Nikiusikia sasa, gitaa bado inanishika, vidole vya mama viko pale pale, lakini ile sehemu ya mustari wa nane ninanyamaza. Ni kidogo. Ndiyo kadiri nimefika.

Mwalimu mumoja, nilipomuonyesha andiko hili, alisema: "Ukifungua mulango huo, wataleta takataka." Ndiyo, bwana mwalimu, wataleta. Takataka iko tayari ndani ya dortuari, chini ya blanketi, na hakuna anayeifasiria. Alisema pia kwamba wanafunzi watachagua nyimbo safi siku ya posho na kusikiliza zile zingine kwa siri. Hapo hakuwa na makosa, na jibu sina. Labda wengine watafanya hivyo. Mimi ningefanya hivyo nikiwa na miaka 13.

Nimekwisha kumupa direkta wa nidhamu ombi hili kwa barua, pamoja na jina langu kwa kosa la kuimba wimbo uliokatazwa nikiwa kazini. Ombi anaendelea kulisoma. Kwa kosa amenipa siku mbili za majani, sawa na mutoto, na nitazianza siku ya posho inayokuja.

Telefone iko bado ndani ya meza yake ya ofisi mpaka mwisho wa muhula. Mwenyewe hainiulizake habari yake tena. Jana alinikuta ku bomba la maji akaniuliza swali lingine: ule tajiri ambaye jina lake linaitwa mara ine ndani ya wimbo, ni nani? Anakaa wapi? Nilimuambia sijui. Akasema yeye pia hajui, na akachukua ndoo yake akaenda.

Kapita wa wanafunzi, darasa la mwisho