Safari Imevunjika, Yaya Alipwe au Asilipwe?



Ndugu wasomaji, likizo za watoto hapa Buyenzi tunazijua. Baba anasema tunakwenda Kigoma kuwasalimia wazee, siku kumi. Yaya anaambiwa, "Nenda kwenu Ngozi, tukirudi tutakupigia." Mara petroli inakosekana mjini, au mtoto anashikwa na homa, safari inavunjika. Yaya hajakaa nyumbani kwao hata siku mbili, anapigiwa simu arudi haraka. Au siku kumi zinageuka ishirini, na mwisho wa mwezi anakatwa zote.

Sisi tumeyafanya haya wala hatukuona vibaya. Hadithi ya ujira na jasho tunaijua sote, tukajiambia: jasho halikutoka, tumlipe kwa lipi?

Lakini mafaqihi wamegawa waajiriwa mafungu mawili. Yupo wa kazi maalumu, kama fundi cherehani: akishona kanzu analipwa, asiposhona halipwi. Na yupo anayeajiriwa kwa muda, awe wa mwajiri mmoja tu, ambaye kwa Kiarabu anaitwa ajir khass. Kwa Mahanafi, huyu anastahiki ujira kwa kuwa tayari katika muda ule, hata kama mwajiri hakumpa la kufanya. Majalla, sheria ya dola ya Uthmania iliyotungwa kati ya mwaka 1869 na 1876, imeliandika hivyo hivyo, na ikaongeza kwamba akikataa kazi yeye mwenyewe, hana ujira. Wengi wetu huku ni Mashafii, basi anayetaka undani amuulize sheikh wake.

Yaya wa mwezi yumo katika fungu la pili. Hawezi kwenda kufua kwa watu wengine siku hizo, maana anangoja simu yetu. Mpango tumeupanga sisi, tumeuvunja sisi, halafu hasara tunamtwika yeye mwenye mshahara mdogo kuliko wote nyumbani! Na zile siku mbili za Ngozi tunamhesabia kuwa ndiyo likizo yake ya mwaka.

Kuna atakayesema, "Sisi tulikubaliana tangu mwanzo kuwa tukisafiri halipwi." Sawa, sharti ni sharti. Lakini ni wangapi tulikaa na yaya siku ya kwanza tukazungumza zaidi ya mshahara na mahali pa kulala? Ingetosha kumwambia: siku zako kwetu kwa mwezi ni kadhaa, utalipwa tuwepo tusiwepo, na tukikuita kabla ya wakati nauli ni juu yetu.

Nyumbani kwetu tumeanza na deni la likizo iliyopita, siku tisa pamoja na nauli ya Ngozi. Alipopewa alizihesabu mara mbili, akauliza, "Mama, hizi nikanunue nini?"