Hisa kwa kanuni: faida ni ya nani?

Kwa miongo mingi wakulima wa West Nile, kuanzia Arua hadi Koboko, walilima na kukausha tumbaku ya kampuni ya British American Tobacco Uganda. Mwaka 2000 kampuni hiyo iliingia katika Soko la Hisa la Uganda, na tangu hapo mwenye pesa yeyote aliweza kumiliki kipande chake. Lakini soko lilikuwa Kampala, zaidi ya kilomita 500 kutoka Koboko. Mkulima wa Dranya, wilayani Koboko, aliyetaka hisa za kampuni iliyonunua majani yake angekula akiba yote kwa nauli kabla ya kumwona dalali.

Umbali huo sasa haumzuii mtu kama zamani. Kampuni ya simu ya MTN Uganda ilipouza hisa kwa umma mwaka 2021, kwa shilingi 200 kila moja, watu walifungua akaunti na kulipa kwa simu zao. Airtel Uganda ikafuata mwaka 2023 kwa shilingi 100. Mwalimu wa shule ya msingi Dranya anaweza leo kuwa mwanahisa bila kupanda basi.

Simu hiyohiyo inamletea na ushauri wa kila namna, na unaovutia zaidi ni ule wa kufanya biashara ya hisa kwa mfumo. Maana yake ni kuandika kanuni mapema: nunua bei ikifika hapa, uza ikishuka pale, usiweke zaidi ya kiasi hiki. Ukishaandika, unafuata tu, upende usipende, uogope usiogope. Wengine wanakwenda mbali zaidi na kuuza programu ya kukufanyia yote hayo ukiwa umelala. Je, jambo hili linamfaa mtu mwenye akiba ya shilingi milioni moja? Naamini kanuni inamfaa sana, mradi iwe ya kumfanya anunue na kuuza mara chache. Kanuni ya kuingia na kutoka kila wiki, katika soko tulilonalo, itammaliza.

Wanaoisifu mifumo hupenda kumtaja Richard Dennis, mfanyabiashara wa masoko wa Chicago, ambaye mwaka 1983 alichukua watu wasio na uzoefu, akawafundisha kwa wiki chache, kisha akawapa mtaji. Kanuni yao mojawapo ilikuwa nyepesi: bei ikipita kilele cha siku 20, nunua. Baadhi yao walitajirika kwelikweli. Kinachosahaulika ni walichokuwa wakinunua: mikataba ya mazao, madini na sarafu, katika masoko mengi kwa pamoja, yenye wauzaji na wanunuzi kila dakika. Walikosea mara nyingi kwa hasara ndogo, na mara chache wakapatia kwa faida kubwa iliyofidia yote.

Tuilete kanuni hiyo Kampala. Soko letu lina kampuni zisizofika 20, na kadhaa kati yake ni za Kenya zilizoorodheshwa huku pia. Ziko hisa zinazoweza kumaliza siku nzima, hata siku kadhaa, bila kuuzwa hata moja. Bei ya leo inakuwa ya juzi kwa sababu hakuna aliyeigusa. Hapo kilele cha siku 20 kinaweza kuwekwa na mtu mmoja aliyenunua hisa chache Jumanne asubuhi. Kanuni itakuambia nunua, utanunua, na siku itakapokuambia uza, hutamwona mnunuzi.

Halafu kuna ada. Tuseme dalali na tozo nyingine vinachukua asilimia 2 unaponunua na asilimia 2 unapouza. Kwa milioni moja, mzunguko mmoja unakugharimu shilingi 40,000. Ukizunguka mara moja kila mwezi, mwaka unaisha umelipa 480,000. Hisa zako zinapaswa kupanda karibu nusu ya thamani yake ili urudi tu pale ulipoanzia, na hapo hatujagusa hasara ya kanuni yenyewe inapokosea. Hata Marekani, ambako soko ni kubwa, watafiti Brad Barber na Terrance Odean walichunguza kaya 66,465 kati ya 1991 na 1996 wakakuta kwamba walionunua na kuuza kupita wengine walipata asilimia 11.4 kwa mwaka, wakati soko lenyewe lilitoa 17.9.

Hata hivyo siwezi kuungana na wanaosema kanuni zote ni upuuzi. Tazama kampuni ya simu ya Safaricom kule Nairobi. Iliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya, ikaanguka mwaka huohuo, ikaja kupanda kupita 40 mwaka 2021, kisha ikateremka chini ya 15 mwaka 2023. Wengi waliishikilia njia yote ya kushuka, wakisubiri 40 irudi. Mtu aliyejiwekea sharti la kuuza bei ikikaa chini ya wastani wake wa siku 200 angetoka mapema, na sehemu kubwa ya faida mkononi. Sharti hilo lingemtaka auze na kununua mara chache tu kwa miaka mingi. Ada isingemuumiza, na hisa za Safaricom hazikosi mnunuzi. Kanuni ya aina hii naikubali, kwa sababu inamkinga mtu dhidi ya tamaa yake mwenyewe.

Ila haimkingi na kila kitu, na watu wa Koboko, walio mpakani na Sudan Kusini, hawahitaji kufundishwa hilo. Desemba 2015 nchi hiyo iliiachia pauni yake ipangiwe bei na soko, na bei rasmi ya dola ikaruka kutoka karibu pauni 3 hadi zaidi ya 18 kwa mkupuo. Aliyekuwa ameuza bidhaa zake ng'ambo ya mpaka wa Oraba kwa mkopo wa pauni aliona deni alilokuwa akidai likiyeyuka. Mfumo uliojengwa juu ya bei rasmi za miaka iliyotangulia usingenong'ona lolote. Umeme nayo, kampuni iliyoorodheshwa mwaka 2012, ilikuwa na mkataba wa kusambaza umeme uliojulikana utaisha Machi 2025. Thamani ya hisa zake ikategemea serikali ingelipa fidia kiasi gani, jambo ambalo grafu ya bei haiwezi kulijua. Ilibidi usome mkataba.

Kuhusu programu za kujiendesha zenye ahadi ya faida ya kila mwezi, sina maneno mengi. Kampuni ya Dunamiscoins ilipofunga milango Desemba 2019, Waganda wengi walipoteza akiba waliyokuwa wameambiwa itazaa haraka. Mwenye mashine ya kuzalisha pesa hahitaji laki mbili zako.

Kabla ya hisa yoyote, mtu wa Dranya aulize pia hatifungani za serikali zinatoa kiasi gani. Zinaanzia shilingi 100,000, na za miaka 10 katika miaka ya karibuni zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 15, kabla ya kodi ya asilimia 10. Mfumo wa hisa usioweza kushinda kiwango hicho hauna kazi.

Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Soko la Hisa washushe ada kwa miamala ya chini ya milioni moja, na maelezo yake yatoke kwa Kikakwa, Kilugbara na Kiswahili. Nawe msomaji, iandike kanuni yako kwenye daftari kabla ya kununua: kwa nini unanunua, na ni jambo gani litakufanya uuze. Kisha jumlisha ada za mwaka mzima. Zikizidi gawio unalotarajia, usinunue.