Malipo ya Fundi wa Mwisho

Wengi husema kwamba kujenga nyumba ugenini ni mtihani wa mfuko. Mimi naona ni mtihani wa tabia, na mtihani huo haufanywi siku ya kuchimba msingi, wakati kila mtu ana furaha na fedha bado zipo. Hufanywa mwisho, wakati kuta zimekwisha kupigwa lipu na kilichobaki ni marumaru, rangi, milango, taa na mabomba. Hapo ndipo fedha zinapokuwa chache, subira inapokuwa fupi, na mwenye nyumba anapodhihirika ni mtu wa namna gani.

Mimi nilizaliwa Unguja, nikaja Oman katika miaka ya sabini, kama walivyokuja wengi baada ya Sultan Qaboos kushika utawala Julai 1970 na kuwafungulia mlango waliokuwa nje. Nchi ni ya mababu zangu, lakini nilipoingia nilikuwa mgeni. Nyumbani kwetu lugha ilikuwa Kiswahili, na Kiarabu changu kiliwachekesha watu sokoni. Nilipanga nyumba za watu miaka mingi kabla ya kupata uwezo wa kujenga yangu huko Seeb, pwani, magharibi ya Muscat. Miezi minne ya umaliziaji nilikuwa pale kila siku tangu alfajiri. Niliyoyaona, hasa katika nyumba za majirani waliokuwa wakijenga wakati mmoja nami, ndiyo yanayonilazimisha kuandika haya.

Katika mitaa yetu imezoeleka tabia ya kumnyima fundi wa mwisho sehemu ya mwisho ya malipo yake, na tabia hiyo tumeipa jina zuri la uangalifu. Si uangalifu hata kidogo. Ni kula jasho la mtu.

Msomaji huenda akasema natia chumvi, basi na tufuate mambo yanavyokwenda. Fundi wa marumaru amepatana na mwenye nyumba kwa riyali 400. Anapewa 100 za kuanzia, 100 akimaliza chini, 100 akimaliza juu. Zinabaki 100. Siku hiyo sasa ndipo mwenye nyumba anapovaa miwani yake. Wiki sita zote hakuinama kutazama sakafu. Leo anapiga magoti, anagonga kigae kimoja kimoja kwa sarafu akisikiliza. Kimoja kinalia utupu. "Hiki hakikushika. Kibadilishe, kisha uje." Fundi anabadilisha, anakuja. "Na huku pembeni mstari haukunyooka. Njoo wiki ijayo." Wiki ijayo mwenye nyumba yuko safarini. Wiki ya pili simu inaita haipokelewi. Baada ya mwezi fundi amehamishiwa kazi Sohar au Nizwa, na kila safari ya kuja kudai ni nauli na siku ya kazi iliyopotea. Anakuja mara mbili, mara ya tatu hayaji. Zile riyali 100 zinakufa kifo cha kimya, na mwenye nyumba anasimulia barazani jinsi alivyojua kupunguza gharama.

Ubaya wake wa kwanza ni kwamba mara nyingi kosa analolipia fundi wa mwisho si lake. Kujenga ni kurithishana. Mwashi akipandisha matofali yaliyopinda, mpiga lipu hulazimika kujaza upande mmoja kwa unene ili ukuta uonekane umesimama. Seremala akija, fremu ya mlango haikai sawa, anaipachika hivyo hivyo. Mwisho huja mpaka rangi. Rangi haifichi kitu; ikipigwa na mwanga wa taa, kila mgongo na kila bonde la ukuta hutokea. Mwenye nyumba anamwona nani mbele yake? Mwashi alikwishalipwa na kwenda zake mwaka jana. Aliyebaki ni yule mwenye brashi mkononi, na huyo ndiye hukatwa.

Nilimshuhudia jirani akifanya hivyo. Lipu, hasa katika joto la huku ambalo kiangazi hupita nyuzi 40, hukauka upesi kuliko inavyotakiwa, na isipomwagiwa maji siku kadhaa hupasuka mistari mistari kama utando wa buibui. Kila fundi anajua. Lakini maji kiwanjani yalikuwa ya kuletwa kwa gari, ni ya kununua, na bwana yule alitaka kuhamia kabla ya Idi. Akaamuru lipu isimwagiwe zaidi ya siku moja, rangi ianze. Rangi ikapigwa, nyumba ikang'ara, na kabla ya mwezi kwisha nyufa zikatoka sebuleni na katika vyumba viwili. Mpaka rangi, kijana wa Kibangladeshi, alikuwa anadai riyali 60. Hakuzipata. Aliambiwa nyufa ni za rangi mbovu. Nilikuwapo nikasema niliyoyajua mbele ya wote wawili. Jirani akanijibu, "Bwana, kila mtu na kiwanja chake." Tangu siku hiyo salamu zetu zimekuwa fupi.

Uangalifu wa kweli nao una wakati wake, na wakati huo si siku ya malipo. Mabomba hupimwa kabla marumaru hayajawekwa: hujazwa maji kwa nguvu, hufungwa, huachwa siku nzima, na kama kipimo kimeshuka pana mahali panavuja. Ukingoja mpaka vigae vimekwisha, kutafuta pavujapo ni kuvunja bafu zima, na hasara hiyo utataka kumtwika mtu. Paa nalo hupimwa likiwa wazi: huziba matundu ya kutolea maji, ukalijaza maji ya vidole vitatu, ukayaacha siku mbili, kisha ukapita chini vyumbani ukitazama dari. Wapo wanaosema mvua huku ni mara moja kwa mwaka. Waulizwe waliokuwapo Muscat Juni 2007 kilipokuja kimbunga Gonu, au watu wa Batinah Oktoba 2021 kilipokuja Shaheen. Mwenye nyumba aliyeyafanya haya kwa wakati wake hana haja ya kumgeuza fundi wa mwisho kuwa mfuko wa kulipia makosa ya wote.

Sasa nizijibu hoja zao, maana wanazo, na nyingine zina chembe ya ukweli.

Hoja ya kwanza ni kwamba fundi akilipwa yote hukimbia, na kasoro zikitokea humpati. Ni kweli wapo wanaokimbia. Lakini kwa tatizo hilo dawa ipo, inajulikana na inatumika katika kazi kubwa kubwa za majengo ulimwenguni. Hushikiliwa sehemu ndogo ya malipo, asilimia 5 au 10, kwa muda uliotajwa, na muda ukipita fedha hutolewa. Kinachotofautisha amana na wizi ni karatasi: kiasi gani, kwa kasoro zipi, mpaka tarehe ipi, na sahihi mbili chini yake. Mimi nilifanya hivyo kwa mafundi watatu. Nilishikilia riyali 20 kwa kila mmoja kwa siku 60, nikaandika, na asiyejua kusoma akasomewa na mwenzake kwa lugha yao. Wote watatu walirudi. Mmoja alirekebisha bawaba za milango miwili bila kuambiwa. Hawakurudi kwa kuwa ni malaika. Walirudi kwa kuwa fedha ilikuwapo na siku yake ilijulikana. Anayeshika riyali 100 bila karatasi wala tarehe hakusudii kasoro zitengenezwe. Anakusudia fundi achoke.

Hoja ya pili: "Mimi sina mkataba na kibarua, nimepatana na kontrakta; waulizane wenyewe." Maneno haya husemwa kwa utulivu mkubwa na watu wanaojua vizuri fedha inavyoteremka. Ukimzuilia kontrakta riyali 500, yeye hatakosa chakula cha jioni. Atamwambia msimamizi, msimamizi atamwambia fundi, na mwisho wa ngazi atakutwa mtu anayelala na wenzake wanane katika chumba kimoja, ambaye nyumbani kwake wanangojea fedha za mwezi. Anayezuia maji juu ya mfereji asijifanye hajui shamba la chini linakauka. Kama una ugomvi na kontrakta, mdai kontrakta. Lakini kabla ya kumlipa au kumnyima, mwambie akuonyeshe kwamba waliofanya kazi nyumbani kwako wamepata ujira wao.

Hoja ya tatu ndiyo inayonikera kuliko zote: "Kama amedhulumiwa, sheria ipo, na aende akashitaki." Sheria ipo kweli, na imezidi kuwa nzuri. Tangu Januari 2021 mfanyakazi wa kigeni aliyemaliza mkataba wake hahitaji tena barua ya ruhusa ya mwajiri wa zamani ili aende kwa mwingine. Mwaka 2023 ilitoka sheria mpya ya kazi. Juni hadi Agosti hairuhusiwi kuwafanyisha watu kazi juani tangu saa 6:30 mchana mpaka saa 9:30. Lakini mafundi wengi wadogo tunaowaita wenyewe tukutane nao chini ya ngazi, tukapatana kwa mdomo, wanafanya kazi nje ya kafili aliyewaandikisha, na hilo ni kosa kisheria. Mtu kama huyo akienda wizarani kushitaki, amejishitaki. Mwenye nyumba analijua hilo toka siku ya kwanza. Tunamchagua kwa sababu karatasi zake hazikutimia, maana bei yake ni nafuu; kisha tunamdhulumu kwa sababu hizo hizo, maana hana pa kusema. Kisha tunamwambia sheria ipo!

Na hapa nataka nizungumze nasi wenyewe, tunaozungumza Kiswahili katika nchi hii. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wanawake wa Kitanzania wanaofanya kazi za nyumbani Oman na katika Falme za Kiarabu. Ilitaja mishahara isiyolipwa, pasipoti zilizoshikwa, kazi zisizo na mwisho. Barazani kwetu watu waliona uchungu, na walikuwa na haki. Wale ni mabinti wa Tanga, wa Singida, wa Unguja. Wanazungumza lugha ya mama zetu. Lakini nilitazama waliokuwa wakilaani, nikamwona miongoni mwao bwana mmoja ambaye mpaka leo ana riyali za fundi wake wa marumaru. Je, dhuluma ni dhuluma pale tu anayedhulumiwa anapojua kusema "shikamoo"? Kijana wa Sylhet au wa Kerala naye ana mama.

Sisi tulikuja hapa baada ya 1964 na kuendelea, wengine na sanduku moja. Tulijua maana ya kuitwa "Wazanzibari" kwa sauti fulani, kama kwamba si wenzao. Tulijua maana ya kungoja mlangoni kwa mtu mwenye haki yetu mkononi. Watu wenye kumbukumbu hiyo ndio wangekuwa wa kwanza kulipa, na inaniuma kuona wengine wetu ni wa mwisho.

Tunapenda pia kujivunia majengo. Tukikaa, haipiti wiki bila kutajwa Beit al-Ajaib, lililojengwa 1883 wakati wa Sayyid Barghash. Jina la Sayyid hutajwa. La mwashi sijasikia mtu akilitaja. Sehemu ya jengo hilo ilipoanguka tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika matengenezo, simu zilijaa maombolezo ya nguzo na roshani. Waliokufa chini ya kifusi walikuwa wafanyakazi wawili, na hao tuliwalilia kwa sauti ndogo. Ndivyo tulivyozoea: jengo tunaliona, aliyelisimamisha hatumwoni.

Sina haja ya kuwakumbusha Waislamu wenzangu tulichofunzwa utotoni kuhusu ujira wa kibarua na jasho lake. Kila mwenye nyumba niliyemtaja hapa anayajua mafunzo hayo kwa moyo, na wengine wao wametundika aya nzuri juu ya mlango uliopakwa rangi na mtu wasiyemlipa.

Kwa hiyo nasema kwa wanaojenga sasa na watakaojenga kesho: siku unayoandika bei, siku hiyo hiyo andika tarehe ya malipo ya mwisho. Kagua kila kazi ikiwa bado wazi, wala usingoje ifunikwe. Ukiwa na shaka, shikilia kidogo, kwa karatasi, na siku ikifika toa bila kuombwa. Na wewe uliyekwisha kuhamia, unayelala katika chumba ambacho sakafu yake bado ina deni, usiniambie umemsahau. Namba yake unayo katika simu, kwa kuwa ndiyo ile uliyoacha kuipokea. Mpigie leo.