Wengine tulihamishwa

Si wote huhama Facebook kwa kuchoka. Huku Jinja na Mbale tulifungiwa mlango: Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, serikali ya Uganda iliifunga Facebook. Kundi letu la Wamasaba likahamia WhatsApp, ambako wakati ule kundi moja lilibeba watu 256 tu. Tukagawanyika, wa Mbale kwao, sisi wa Jinja kwetu. Walioko Uingereza walibaki kule kule Facebook, maana wao hawakufungiwa kitu. Picha za imbalu, sherehe yetu ya tohara, ya 2018 nazo ziko huko. Wapo wanaoingia kwa VPN kuzitazama. Mimi, kusema kweli, nimeacha. Imbalu ya 2022 tuliipanga WhatsApp, na wazee ambao Facebook haikuwahi kuwavutia sasa hawaishi kutuma ujumbe wa sauti, kwa Lumasaba safi.