Orodha ya miradi inayosomwa na mashine: maneno yake yaelezwe kwanza

Mkaaji wa Butembo aliyetaka kujua kama barabara ya kwao ina mradi wowote, zamani alikuwa na njia mbili: kumwendea mbunge wake au kungoja redio. Leo kijana mwenye simu anauliza programu ya akili bandia, kwa Kiswahili, na baada ya sekunde chache anapata jibu lililopangwa vizuri. Haulizi limetoka wapi.

Programu hizo, ambazo wataalamu wanaziita mawakala, hazijui miradi yetu kwa kichwa. Zinabisha mlango. Mlango wenyewe unaitwa API: ni mahali ambapo programu moja inauliza kompyuta za taasisi nyingine na kupewa majibu kwa mpangilio maalum. Benki ya Dunia ina mlango wa namna hiyo kwa orodha ya miradi yake, na uko wazi kwa kila mtu. Tangu Novemba 2024, kampuni ya Marekani ya Anthropic ilipotangaza utaratibu unaoitwa MCP, imekuwa rahisi zaidi kumpa wakala milango ya aina hii kama vyombo vya kazi. Kila chombo kinakuja na maelezo yake: jina, sentensi chache kuhusu kinachofanya, na yale yanayopaswa kujazwa. Mara nyingi wakala hana kingine cha kumwongoza. Maoni yetu ni kwamba maelezo hayo mafupi, ambayo kwa kawaida huandikwa mwishoni na mtu aliyekwisha kuchoka, yanastahili uangalifu uleule wa tangazo la serikali.

Tuchukue nchi yetu. Kwa viwango vya kimataifa, msimbo wetu wa herufi mbili ni CD, na wa majirani wa Brazzaville ni CG. Lakini katika orodha ya miradi ya Benki ya Dunia tunatafutwa kwa ZR. Ndiyo, Zaire, jina lililofutwa Mei 1997. Mtu anayejua hilo anacheka na kuendelea na kazi. Wakala ambaye hakuambiwa ataandika CD, anaweza kurudishiwa orodha tupu, na atamjibu yule kijana wa Butembo bila kusitasita kwamba hakuna mradi. Au atashika CG na kumletea barabara za Pointe-Noire. Sentensi moja ndani ya maelezo ingezuia yote hayo.

Orodha tupu yenyewe ni tatizo. Inaweza kumaanisha kwamba mradi haupo, kwamba msimbo si sahihi, au kwamba mwulizaji hana ruhusa ya kuona. Karani wa wilaya angeshuku, angeuliza mara ya pili. Mashine inashuku tu pale ilipoambiwa ishuku. Tena orodha ndefu haitolewi yote kwa mara moja, inakatwa kurasa kurasa. Wakala aliyepewa miradi 10 ya kwanza bila kuambiwa kwamba kuna ukurasa wa pili ataihesabu na kutangaza kwamba nchi ina miradi 10.

Kisha kuna pesa, na hapo ndipo uongo usiokusudiwa unaleta madhara makubwa. Machi 2014 Benki ya Dunia iliidhinisha ruzuku ya dola milioni 73.1 kwa msaada wa kiufundi wa Inga 3. Julai 2016 ilisimamisha malipo, baada ya kutofautiana na serikali kuhusu mwelekeo wa mradi. Katika orodha, safu ya kiasi inaonyesha kilichoidhinishwa, na kilichoidhinishwa si kilichotolewa. Juni 2025 ukaja mradi mwingine wa Inga 3, dola milioni 250 kwa awamu ya kwanza. Wakala asiyeelezwa tofauti anaweza kujumlisha kiasi hizo mbili na kusema kwamba Kongo imepokea zaidi ya dola milioni 323 kwa ajili ya Inga. Jibu hilo likiingia katika vikundi vya WhatsApp, nani atalifuata kulisahihisha? Nasi tunajua jinsi nambari moja inavyoweza kuwasha moto nchini humu, hasa inapohusu pesa ambazo raia hajaona alama yake kijijini.

Vivyo hivyo kwa neno "umefungwa". Kwa benki, maana yake ni kwamba muda wa kutoa fedha umekwisha. Kwa mkaaji anayesoma tafsiri ya Kiswahili, maana yake ni kwamba daraja limekwisha kujengwa, au kwamba mtu fulani amelizuia. Na neno "unaendelea"? Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari. Mradi ulioidhinishwa kwa ajili ya Kivu kabla ya hapo unaweza kubaki na alama ya "unaendelea" kwa miezi, hata kama mafundi walikwisha kuondoka. Ndiyo maana maelezo ya chombo lazima yaseme tarehe ambayo hali ya mradi ilihakikishwa mara ya mwisho, na ni nani aliyeihakikisha.

Tutaambiwa kwamba nchi ina vita na mitaa isiyo na umeme, na kwamba mambo ya API yanaweza kungoja. Lakini hayangoji. Raia wameanza kuuliza, na kifungu cha 24 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupata habari. Haki hiyo haielekei kutimizwa na orodha ambayo maana ya maneno yake inajulikana Washington peke yake.

Kazi yetu wenyewe iko karibu zaidi. Programu ya maendeleo ya maeneo 145, ile PDL-145T, iligawanywa kwa watekelezaji watatu: PNUD, CFEF na BCECO. Inahusu shule, vituo vya afya na majengo ya utawala, yaani vitu ambavyo mkaaji anaweza kutembea kwa mguu akaviona. Siku orodha zao zitakapofunguliwa kwa mawakala, watu watalinganisha jibu la simu na uwanja wenyewe. Kwa hiyo watekelezaji hao watatu wakae mezani kabla ya kumwita mtaalamu wa kompyuta, wakubaliane kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa juu ya neno moja tu kwanza, "imekamilika". Je, ni shule yenye paa, ni shule iliyopokelewa kwa muda na kutiwa sahihi, au ni shule ambayo watoto wamo ndani, na mwalimu, na ubao?