SILAHA MLANGONI PA MJI

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kuona katika sinema picha za magharibi ya Marekani: wapanda farasi, kila mtu na bastola kiunoni, na mshindi wa shauri ni yule aliye mwepesi wa kidole. Basi wengi hudhani kwamba katika nchi ile hapakuwa na sheria ya silaha hata kidogo. Tumeona yafaa kueleza khabari ilivyokuwa kweli, kwa sababu ni khabari ya watumishi wa serikali, tena ina onyo kwa kila mtu ashikaye kalamu au mamlaka kwa niaba ya watu.

Mwaka wa 1863 Serikali ya Marekani iliitenga Arizona na New Mexico, ikaifanya Teritori, yaani nchi isiyohesabiwa bado kuwa dola kamili katika Muungano. Gavana wake aliwekwa na Rais, hakuchaguliwa na wenyeji. Nchi ilikuwa pana, maji haba, na vita na Waapache, waliokuwako kabla ya wageni, vilidumu mpaka mwaka wa 1886. Msafiri hakulaumiwa kwa kuchukua bunduki njiani. Lakini waliojenga miji walitambua mapema kwamba kitu kilicho ngao porini huwa balaa sokoni. Hata katika miaka ya 1850, Arizona ilipokuwa bado sehemu ya New Mexico, palikuwa na sheria ya kukataza aina kadha za silaha katika makazi ya watu na katika dansi.

Mji wa Tombstone ulianzishwa mwaka wa 1879, baada ya Ed Schieffelin kuvumbua madini ya fedha mahali pale. Watu wakamiminika, na ulevi na ugomvi ukaja pamoja nao. Mwezi wa Aprili 1881 halmashauri ya mji ilipitisha Sheria Na. 9, ikakataza kuchukua silaha za kuulia ndani ya mipaka ya mji. Aingiaye alipewa nafasi ya kwenda kuiweka silaha yake mahali pa amana, na atokaye alipewa nafasi ya kwenda kuitwaa. Sheria hii haikumnyang'anya mtu mali yake. Ilimwambia tu aiache mlangoni.

Tarehe 26 Oktoba mwaka ule ule, Virgil Earp, mkuu wa polisi wa mji, alimkamata Ike Clanton kwa kuchukua silaha. Hakimu akamtoza faini dola 25 na gharama. Mchana wa siku hiyo wenzake Clanton walionekana mjini nao wana silaha. Virgil akaenda kuwapokonya, na aliowachukua kumsaidia walikuwa ndugu zake, Wyatt na Morgan, na rafiki yao Doc Holliday. Risasi zililia kwa muda wa nusu dakika hivi, karibu na zizi liitwalo O.K. Corral. Watu watatu walikufa: Billy Clanton, na Tom na Frank McLaury.

Hakimu Wells Spicer alisikiliza ushahidi muda wa mwezi mmoja. Aliamua kwamba hapakuwa na sababu ya kutosha ya kuwapeleka washitakiwa mbele ya baraza kubwa. Lakini alisema wazi kwamba Virgil alikosa busara, tena alistahili lawama, kwa kuwaita Wyatt na Holliday, hali wamekwisha kugombana na watu wale. Hapo ndipo penye kiini cha khabari yetu. Sheria ilikuwa njema, na mwenye kuitekeleza alikuwa na haki ya kuitekeleza; lakini wale waliofuatana naye walikuwa na ugomvi wao, na watu wakaona kisasi mahali pa sheria. Mwezi wa Desemba Virgil alipigwa risasi usiku, mkono wake ukalemaa. Na mwezi wa Machi 1882 Morgan aliuawa.

Hata hivyo Teritori haikuitupa sheria. Mwaka wa 1889 baraza lake lilikataza kuchukua bastola, majambia na silaha nyingine za namna hiyo katika mji au kijiji chochote. Faini ilikuwa dola 25 mpaka 100, na silaha hutwaliwa. Msafiri alipewa nusu saa tangu kufika kwake, na wenye hoteli na vilabu vya pombe walilazimishwa kubandika tangazo la kumwambia aweke silaha zake.

Arizona ikawa dola kamili mwaka wa 1912, na katiba yake ikalinda haki ya raia kuchukua silaha kwa kujilinda. Tangu mwaka wa 1994 raia waliweza kupata hati ya kuchukua silaha iliyofichwa, na mwaka wa 2010 hata hati haikulazimu tena kwa mtu mzima asiyekatazwa na sheria. Mwaka wa 2022 Mahkama Kuu ya Marekani, katika shauri la New York, ilisema kwamba sheria za zile Teritori hazina uzito mwingi, kwa kuwa zilidumu muda mfupi na watu wake walikuwa wachache. Wamarekani wenyewe wangali wakibishana, nasi hatuna la kuwaamulia.

Letu ni hili. Kwanza, sheria isiyosomwa ni mtego. Lile tangazo ukutani lilikuwa nusu ya haki, na kuandika matangazo yaeleweke ni kazi yetu makarani. Pili, mtumishi aliye na ugomvi na mtu asishike faili la mtu huyo. Twajua jawabu la wengine: ofisi ina karani mmoja, atamwachia nani? Virgil naye angeweza kusema hivyo, kwani hatari ilikuwa karibu na wa kumwamini walikuwa nduguze. Lakini hata karani mmoja aweza kumwambia mkubwa wake mapema, akaomba shahidi, akaandika katika daftari. Ni aibu ndogo ya dakika chache. Tombstone iliikwepa aibu hiyo, ikalipa kwa damu.