MBWA NI NAJISI, LAKINI NANI ALIKUAMBIA UMPIGE MAWE?



Ndugu zangu katika imani, wiki hii nimeletewa swali na kijana mmoja wa huku kwetu Kipawa, upande wa Karakata. Anafanya kazi ya ulinzi wa usiku. Anasema kuna mahali wanahifadhi wanyama waliookotwa mitaani, na hapo yupo mbwa jike, bado mdogo, hajatimiza mwaka. Amechanjwa, hana ugonjwa, ila ni mwoga kupita kiasi. Mtu akisogea anajibana kwenye kona. Mtu akiinua mkono, hata wa kujikuna, anajilaza chini na kujikojolea. Wenyeji wa pale wamesema hawamtoi kwa kila anayebisha hodi. Wanamngojea mtu mzoefu, mwenye subira na mwenye ua uliofungwa. Kijana anauliza: "Shekhe, kijijini nililea mbwa wa mifugo, nawajua. Nikimchukua huyu anisaidie lindo, nitakuwa nimekosea dini yangu?"

Jibu lake nitalitoa hapa chini. Lakini kwanza tujiulize sisi: yule mbwa nani alimfundisha kuogopa mkono wa mwanadamu?

Tunajua. Watoto wanatoka madrasa jioni, juzuu kwapani, wakimwona mbwa koko jalalani wanainama kuokota mawe. Mtu mzima yuko barazani na kahawa yake, anacheka. Ukimuuliza mbona humkatazi mwanao, anakujibu: "Shekhe, si najisi huyo?"

Ndugu yangu, najisi ni hukumu ya twahara. Inakufundisha uoshe nini na uoshe vipi. Haikufundishi umpige nani. Mkojo wa mwanao ni najisi, mbona hujampiga mawe?

Tuiweke fiqhi mahali pake. Sisi watu wa pwani wengi wetu tunafuata madhhab ya Imamu Shafi. Katika madhhab hii mbwa ni najisi nzito, na kilichoguswa naye kwa umajimaji kinaoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Akipita mkavu akagusa kanzu yako kavu, hakuna cha kuosha. Imamu Malik yeye ameona mbwa mzima ni twahara, na kuosha chombo alichokilamba ni ibada tu. Hanafi wamesema mate yake ndiyo najisi, si manyoya. Wanachuoni wametofautiana katika kuosha. Katika kumtesa hawakutofautiana: ni haramu.

Tena tuna msemo wetu, ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Msemo huu ni wa kuweka mipaka na watu, nao ni wa kweli. Lakini ajabu ni kwamba Ibn Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, amesimulia katika Bukhari kwamba zama za Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, mbwa walikuwa wakiingia na kutoka msikitini na Maswahaba hawakuwa wakinyunyiza maji. Wanachuoni wamefafanua kuwa ilikuwa mwanzo, kabla msikiti haujawekewa milango. Sisemi tuwafungulie mbwa misikiti. Nasema watu bora wa umma huu walimwona mbwa msikitini kwao, na hatukusimuliwa kwamba waliokota mawe.

Na mnazijua hadithi mbili, zote zimo katika Bukhari na Muslim. Yule mtu aliyeshikwa na kiu njiani, akashuka kisimani akanywa. Alipotoka akamkuta mbwa anaramba udongo wenye unyevu kwa kiu. Akashuka tena, akajaza kiatu chake maji, akakiuma kwa meno apate kupanda, akamnywesha. Allah akamsamehe. Na yule mwanamke kahaba wa Bani Israili, naye akamtekea mbwa maji kwa kiatu chake, akasamehewa. Maswahaba wakauliza kama hata kwa wanyama kuna malipo, wakajibiwa kuwa kila chenye uhai kina malipo ndani yake. Tunazisoma hadithi hizi mimbarini, tunalia, kisha tunatoka nje na mtoto wetu anarusha jiwe.

Sasa turudi kwa yule mbwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wataalamu wa mifugo wanasema mtoto wa mbwa anajifunza nani wa kumwamini hasa kati ya wiki ya 3 na wiki ya 14 hivi tangu kuzaliwa. Akikutana na mikono ya upole katika siku hizo, anakua ametulia. Akikutana na mawe na maji ya moto ya mama ntilie, hofu inaota mizizi, na kuing'oa kunataka miezi, pengine miaka. Mbwa mwenye hofu akibanwa kona bila njia ya kutokea, anauma. Kisha tunasema mtaa una mbwa wakali.

Kwa hiyo waliosema "tunamngojea mtu mzoefu" wamesema jambo la kisharia hata kama wao wenyewe hawajui. Allah ametuamrisha katika Suratun Nisaa tuzifikishe amana kwa wanaostahiki. Kiumbe hai ni amana. Mtu aliyemchukua kwa huruma ya siku moja, kesho akamchoka akamtupa kando ya Barabara ya Nyerere, amemdhulumu mara mbili. Na mnaijua hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie.

Jibu la kijana ni hili.

Kwanza, kufuga mbwa bila haja kumekatazwa. Kila siku hupungua thawabu za mfugaji kiasi cha qirati. Waliovuliwa na hadithi ni mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Mbwa wa kulinda nyumba, Imamu Nawawi ambaye ni nguzo ya madhhab yetu amesema kauli sahihi zaidi ni kwamba inajuzu, kwa kukisia hao watatu, kwa sababu hoja ni haja. Wewe ni mlinzi na haja unayo. Huna dhambi.

Pili, usimnunue. Mtume amekataza thamani ya mbwa, na kwetu Shafi biashara yake haisihi. Kupewa bure ndiyo njia. Wakikutaka uchangie chanjo na dawa, huo ni ujira wa daktari, si bei ya mbwa.

Tatu, makazi yake ni uani, si chumbani. Malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye mbwa. Wapo wanachuoni waliosema aliyeruhusiwa hayumo katika katazo hilo, lakini kujitenga na hitilafu ni bora. Tenga sufuria yake, tenga nguo zako za kazi, na weka udongo safi karibu na bomba.

Nne, usimfanyie kama wafanyavyo wengi hapa Dar es Salaam. Mbwa anafungiwa kwenye kibanda asichoweza kugeuka kuanzia alfajiri hadi usiku, juani, maji hakuna, eti ili awe mkali. Huyo hakufugwa, amefungwa jela. Wako ni mwoga tayari. Kaa naye mbali bila kumkodolea macho, mwekee chakula, nyamaza, ondoka. Rudia kila siku saa ileile. Acha aje mwenyewe. Ikichukua miezi mitatu, ichukue. Na huenda asiwe mkali kamwe, akabweka tu mgeni akija. Kama unataka wa kung'ata watu, mwachie mwingine anayemfaa.

Najua wapo watakaoandika hapa chini: "Shekhe leo anahamasisha kufuga mbwa." Hapana. Wengi wetu hatuna haja naye, na asiye na haja asifuge. Lakini kutofuga hakukuondolei wajibu. Una mambo matatu ya kufanya.

La kwanza, mkataze mwanao jiwe. Mwambie mbwa wametajwa katika Qur'ani. Watu wa Pangoni walilala miaka mia tatu na tisa, na mbwa wao amenyoosha miguu yake kizingitini, na Allah akamtaja pamoja nao. Tena kumtesa mnyama ni kosa hata kwa serikali. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu mwaka 2008.

La pili, chanjo. Kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na kwa kila watu kumi wanaokufa, wanne ni watoto chini ya miaka 15. Mawe hayajawahi kuzuia kichaa hata siku moja. Kinachozuia ni kuchanja mbwa, wakifika 70 katika kila 100 ugonjwa unakatika. Afisa mifugo akitangaza siku ya chanjo, imamu na atangaze baada ya swala, mwenye mbwa ampeleke. Na mtoto akiumwa, usimfunge kitunguu wala usimpake mafuta ya taa. Osha jeraha kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo apate sindano. Dalili zikishatokea, tiba hakuna.

La tatu, maji. Dar ina joto. Kopo la maji nje ya geti halitengui udhu wa mtu.

Mtume wetu alisema lau mbwa wasingekuwa umma miongoni mwa umma, angeamrisha wauawe. Maana yake wapo kwa hekima ya Muumba wao, si kwa idhini yangu wala yako. Asiyempenda mbwa hana dhambi. Dhambi ni kumtesa, halafu ukaiita dini.

Allah atujaalie wenye kurehemu ili nasi tupate kurehemewa, na amfanyie wepesi kijana wetu katika amana yake. Amin. Wallahu aalam.

Mfikishie na mwenzio, hasa mwenye watoto wa madrasa.